"Ukishiba, acha": kisa cha mpishi wa shughuli aliyepunguzwa mfuko wa chakula

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. Upande mmoja ni Kiingereza kitupu. Upande wa pili alikuwa ameandika mwenyewe, kwa peni nyekundu, hesabu za kilo za mchele na lita za mafuta. Mama huyu ni mpishi wa shughuli hapa Dar es Salaam. Harusi, arobaini, maulidi, kipaimara: akiitwa anakwenda na masufuria yake na vijana wanne. Karatasi alipewa India siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, na mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi nzito, ulimwambia aache kula mara anaposhiba.

Nami, mtu wa lishe aliyemhudumia aliporudi, nilimwambia hivyohivyo siku ya kwanza, na ndiyo sababu naandika kisa hiki. Mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza.

Alivyokuja

Umri miaka 46, urefu mita 1.61. Kabla ya upasuaji alikuwa na kilo 128, BMI (uwiano wa uzito na urefu) 49, kisukari cha aina ya pili kilichokuwa kinapanda licha ya vidonge, na goti la kulia lililomlazimisha kupika akiwa amekaa kwenye kigoda. Alifanyiwa ule upasuaji ambao wenyewe wanauita slivu. Daktari anakata na kutoa robo tatu mpaka asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Mfuko uliokuwa ukitanuka na kubeba lita moja na zaidi sasa unajaa kwa mililita 100 hadi 150. Wiki za mwanzo, mshono ukiwa bado umevimba, hata hizo ni nyingi.

Alifika kwangu wiki ya tano, akiwa na kilo 113. Lalamiko lake: anatapika kila siku, mara mbili au tatu, na kwa hiyo "operesheni imekataa".

Neno kutapika linataka kuulizwa vizuri kabla halijaandikwa kwenye faili. Kinatoka nini? Akasema kinatoka chakula kama kilivyoingia, hakina ukali wala uchungu, kimevikwa mate ya povu. Kichefuchefu hakitangulii. Kinakuja dakika chache tu baada ya kuanza kula, na akishakitoa anapata nafuu palepale. Maji akinywa kidogokidogo yanapita. Homa hana, moyo haumwendi mbio, bega la kushoto haliumi. Hiyo ni kucheua zaidi kuliko kutapika: chakula kimekwama juu, kimekosa njia, kimerudi.

Hata hivyo siku ileile nilimpeleka kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu mtu wa slivu anayerudisha chakula kila siku haanzwi na somo la kula. Bomba linaweza kuwa limebana pale linapokunja kona, na hilo halitibiwi kwa ushauri. Alipigwa eksirei huku akimeza dawa inayoonekana kwenye picha. Dawa ikashuka bila kizuizi. Jambo la pili nililolipigia mstari kwenye barua yangu ni vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Anayerudisha chakula kila siku anaweza kuimaliza, akaanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba akitembea na kuchanganyikiwa. Na akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana sukari ile inatumia kichache kilichobaki. Yeye hakuwa na dalili hizo, ila alipewa B1 kwanza, dripu ikafuata. Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, mkipokea mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji huu anatapika, hata msiposoma kisa kilichobaki, shikeni hilo.

Ugali laini

Karatasi ilipanga hivi: wiki mbili za vinywaji, kisha vyakula vya rojorojo, kisha, kuanzia wiki ya tano, kitu ambacho binti yake wa kidato cha nne alikitafsiri "chakula laini". Hakukosea hata kidogo. Sasa katika nyumba zetu chakula laini ni kipi? Ni ugali laini. Mifano iliyotajwa ilikuwa dengu, mtindi na jibini la Kihindi liitwalo paneer. Dengu walizijua, mtindi waliujua, paneer wakaamua kwamba ni samaki. Asubuhi ya kwanza ya wiki ya tano mama akasonga ugali, laini kwelikweli, kwa mchuzi wa changu.

Ugali, uwe laini uwe mgumu, unanata. Tena ugali nani anautafuna? Tunautia kwenye mchuzi ili uteleze, tunameza. Kwenye bomba lile unashuka kama kizibo. Mkate mweupe nao unageuka donge, nyama kavu inasimama, wali unawasumbua wengi. Hivi ni vyakula vya mwisho kurudi, wiki ya nane na kuendelea, na kwa wengine havirudi kirahisi.

Tukarudi nyuma hatua moja: maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa mwiba na kupondwa, mtori mwepesi, yai, mtindi usio na sukari. Protini ndiyo inayotangulia, angalau gramu 60 kwa siku, na kwa tumbo la namna hiyo ni kazi kubwa. Yai zima lina gramu 6 tu. Nikampangia saa, nikamwandikia vipimo, na mwishoni nikamrudia ule mstari wa karatasi. Mama, ukishiba, acha.

Wiki iliyofuata alikuwa anacheua mara moja kwa siku badala ya tatu. Nikajipongeza kimoyomoyo. Akaniambia, "Dada, mimi tangu nitoke India sijashiba hata siku moja. Kinanikaba tu, halafu kinarudi."

Nilikuwa nimempa amri inayotegemea kitu ambacho hakipati.

Tonge kwenye mzani

Nilimwomba kesho yake aje na chakula, ale mbele yangu. Kwa kawaida sisi watu wa lishe tunauliza watu wanakula nini na tunaandika wanachosema. Kukaa na mtu akila ni jambo tunaloliona la kupoteza muda. Akaja na hotpoti. Ndani kulikuwa na maharage ya kuponda, na pembeni, kimefichwa bila kufichwa, kipande cha ugali. Sikumsema. Nilimwambia akate tonge kama la nyumbani, ila badala ya kulitia mdomoni aliweke juu ya mzani wangu wa jikoni.

Gramu 42. La pili 39. La tatu 44. Mkono wa mpishi ule, hauhitaji mzani. Matonge matatu yalipita gramu 120, na nyumbani, kwa maneno yake, yalikuwa yanaisha kabla hajaketi sawasawa.

Nikautoa ugali mezani, tukabaki na maharage na kijiko cha chai. Nikamwambia ale kwa mwendo wake. Mimi nikakaa kimya na saa yangu.

Kijiko cha tatu akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo. Hakuitambua. Cha nne pua ikaanza kuchuruzika makamasi mepesi. Akajifuta kwa upindo wa mtandio, akaendelea. Nikamuuliza vipi, akasema pilipili. Maharage yale hayakuwa na pilipili, nilikuwa nimeyaonja. Cha sita, kwikwi moja, kama ya mtoto mchanga. Cha saba akaweka kiganja kwenye chembe cha moyo. Cha nane akainuka kukimbilia sinki. Dakika tatu zilikuwa hazijatimia.

Mwili wake ulikuwa umempigia hodi mara nne, na mara zote nne aliisikia, ila akaitafsiri kwa mazoea ya zamani: pumzi ni uchovu, pua ni pilipili, kwikwi ni kiu, kubanwa chembe cha moyo ni gesi. Pumzi ile, chafya, pua inayochuruzika ghafla na kwikwi ni mambo wanayoyaeleza watu wengi waliofanyiwa upasuaji huu, na kila mmoja ana lake. Wa kwangu mwingine hupiga chafya mbili, zisizozidi wala kupungua. Karatasi haikutaja hata moja.

Nilimuuliza shibe anayoisubiri inafananaje. Hakusita: "Tumbo linakuwa zito huku chini, unalegeza kanga, usingizi unakuja." Picha nzuri, na nadhani wasomaji wengi wanaijua. Lakini ni habari ya mfuko mpana unaotanuka taratibu mpaka chini ya kitovu. Bomba la slivu halitanuki sana. Presha inapanda upesi na inasikika juu, nyuma ya mfupa wa kifua. Mtu anayesubiri kulegeza kanga atakuwa ameshapitiliza vijiko vinne.

Hapo kuna mambo mawili ya mwili yanayofaa kuelezwa, maana yeye mwenyewe aliyataka, na tangu ayaelewe alibadilika kuliko kwa ratiba zangu zote. La kwanza: habari ya kujaa inapanda kwenda ubongoni kupitia neva ya vagasi, na nyingine inaletwa na homoni kama GLP-1 na PYY zinazotolewa na utumbo chakula kinapoufikia. Baada ya slivu chakula kinaufikia utumbo haraka na homoni hizo zinapanda kuliko zamani, kwa hiyo shibe ipo, tena yenye nguvu, ila inahitaji dakika zake. Vijiko vinane ndani ya dakika tatu haviipi nafasi. La pili: homoni ya njaa, ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, inatengenezwa kwa wingi kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na sehemu hiyohiyo ndiyo iliyokatwa ikatupwa. Kwa hiyo miezi ya mwanzo hana njaa ya kumwanzisha wala shibe anayoijua ya kumsimamisha. Alikuwa anakula kwa macho, kwa adhana, na kwa sahani kuisha.

Kiswahili chenyewe ndicho kilichotutoa. Tuna kushiba, tuna kuvimbiwa, na katikati yake, au tuseme kabla yake, tuna kukinai. Alilileta yeye, wiki ya nane, baada ya kuacha chakula kijiko cha tano kwa mara ya kwanza: "Si kushiba, dada. Nimekinai tu, kama mtu aliyeonja pilau la shughuli tangu alfajiri." Kukinai hakudai tumbo liwe limejaa. Hamu imekatika, basi. Siku hiyo nikafuta kwenye mpango wake neno "ukishiba" nikaandika "ukikinai, au pua ikianza, lolote litakalotangulia".

Kikombe cha kijiweni

Kipimo tulikipata kwa wauza kahawa. Kile kikombe kidogo cha kahawa chungu, kisicho na mkono, nilikijaza maji kwa bomba la sindano: mililita 65 hadi ukingoni. Mlo mmoja ukawa kikombe kimoja cha chakula kilichopondwa, baadaye kimoja na nusu. Muda dakika 20, zisipite 30, kwa sababu akivuta zaidi ya hapo kinachofuata ni kudonoa kutwa. Kijiko kinarudi mezani baada ya kila mdomo. Maji hayaji na chakula. Yanasubiri nusu saa, kisha anayanywa kwa mafunda madogo kutoka kwenye chupa ya nusu lita, tatu kwa siku. Soda zenye gesi hapana. Ugali uliporudi, wiki ya kumi, ulirudi kwa tonge la ukubwa wa njugu, akacheka mpaka machozi: "Hili la kuku."

Kijiko na kikombe vilikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa watu.

Mwanamke anayelisha mtaa mzima haaminiki akisema hali. Kwenye sinia anafika wa mwisho na kuondoka wa kwanza, wenzake wananong'ona. Mama mkwe alikuja kukaa wiki tatu na kila mlo alimuuliza, "Mwanangu, mbona umedonoa kama ndege? Nani kakukera?" Kumweleza mzee kwamba mfuko umekatwa ilikuwa kama kumwambia mkwewe ni mgonjwa mahututi. Tulijaribu kumwandalia maneno ya kujibu, yakashindikana. Mzee hakuwa na haja ya maelezo, alikuwa na haja ya kuona mtu anakula. Suluhisho alilibuni mwenyewe. Nyumbani alianza kula robo saa kabla ya wengine, ili sinia likiwekwa awe kwenye vijiko vya mwisho na mzee amkute anatafuna. Na kwenye shughuli za watu akashika birika na beseni la kunawisha. Anayenawisha wageni haulizwi mbona hali.

Katikati ya haya kuna mambo nitayapita upesi. Nywele zilipukutika mwezi wa nne baada ya upasuaji, kama inavyotokea kwa wengi, zikaanza kuota upya. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma, kalisi na B12 ni vya maisha, na hilo aliliuliza mara tatu akitumaini jibu litabadilika. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya goti ambayo alizoea kujinunulia dukani, tuliikomesha kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Dawa za kisukari daktari alizipunguza mapema.

Kopo la siagi

Mwezi wa sita tangu upasuaji alikuwa na kilo 96. Mwezi wa nane 97. Hacheui tena, anaacha kwa wakati, anaheshimu kikombe chake, na uzito umegoma. Wengi hapa hupewa neno moja: umezembea. Nami lilinifika mdomoni.

Nilimuuliza anakula nini siku ya shughuli. Akataja vikombe vitatu. Na kuonja? "Kuonja si kula, dada."

Tulifanya jaribio. Jumamosi, harusini, mpwa wake anayemsaidia alipewa kopo tupu la siagi la gramu 500. Kila mama alipoonja kwenye kiganja, mchuzi, pilau, viazi, maini, mpwa alitia koponi kiasi kilekile. Saa kumi alfajiri hadi saa saba mchana. Kopo lilijaa, kasoro kidole kimoja. Pembeni mpwa aliongeza, bila kutumwa, orodha ya glasi za juisi ya ukwaju na vipande viwili vya kashata.

Ndipo nilipoelewa kwamba somo langu la pua na kwikwi lilikuwa na tundu. Alama zile zinatoka pale bomba linapopata presha. Maharage, samaki, nyama, ugali, vinakaa, vinasukuma, mwili unasema. Mchuzi, juisi, aisikrimu, kashata iliyoyeyukia mdomoni, krispi zilizotafunwa mpaka zikawa uji, hivyo vinateleza. Havikai, havipigi hodi, na mtu anaweza kuingiza kalori za mlo mzima pua ikiwa kavu. Kiganja kimoja kila dakika kumi ni mbaya kuliko vyote, maana bomba linapata nafasi ya kujitoa kila mara. Alikuwa amejifunza kusikia, na kazi yake ilikuwa inamlisha mahali pasipo na sauti.

Kumwambia mpishi asionje ni kumfukuza kazi, na sikumwambia. Chumvi ikawa ya mpwa. Ni binti mwenye ulimi mzuri, na sasa analipwa kwa ulimi huo. Mama anaonja mara moja kwa kila sufuria, kwa kijiko cha chai, mwishoni, na siku ya shughuli vijiko hivyo vinahesabika kuwa kikombe kimoja kati ya vyake. Saa nne asubuhi anaketi, anakula samaki wake kwa dakika 20, moto ukiwa chini ya mwangalizi mwingine. Hilo la kuketi ndilo lililomgharimu zaidi. Miaka 25 alikuwa akila amesimama.

Mwaka ulipotimia alikuwa na kilo 89. Pengine zitashuka tena kidogo, pengine zimefika zilipotaka kufika.

Ziara ya mwisho tulikula pamoja, yeye na hotpoti lake, mimi na wali maharage wa pale nje. Alinitazama nikimaliza, akauliza, "Dada, umeshiba, au sahani imeisha?" Nikatazama saa. Dakika sita.

Kwenye faili niliandika kwamba katika miezi mitatu iliyopita amecheua mara mbili. Zote mbili siku za shughuli, zote amesimama, simu sikioni, mwenye harusi anauliza pilau limefikia wapi.